Orodha ya Wadi ya Nyuma

Mwaka ule wa mafua makali, watu wazima wenye akili zao walipigana ngumi katika duka la dawa wakigombea chupa za maji yaliyotiwa rangi. Mwenye duka aliyaita Kinga Kamili. Yeye mwenyewe hakuyaonja hata kwa ncha ya ulimi. Ugonjwa ulikuwa umeshuka kwenye treni pamoja na askari waliorudi vitani, na baada ya wiki tatu makaburi yalichimbwa kwa zamu. Mji ulikuwa na gazeti moja tu. Ukurasa wake wa kwanza ulisema haya ni mafua ya kawaida, ukurasa wa pili ulikuwa na orodha ya marehemu, na Mhariri hakuona kama kurasa hizo mbili zinajuana.

Katika msukumano huo wa duka la dawa, kijana mmoja alikanyaga mguu wa msichana.

"Wee! Huna macho?"

"Ninayo, dada. Yalikuwa yanakutazama wewe, miguu ikabaki bila msimamizi."

Msichana alimpandisha na kumshusha. Alivaa gauni la buluu lenye kola nyeupe, sare ya wasichana wa simu, iliyopigwa pasi hadi ikasimama. Kijana alikuwa na shati safi, lakini vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha.

"Na mikono hiyo? Umetoka kusugua masufuria?"

"Wino. Napanga herufi gazetini."

"Kumbe ninyi ndio mnaotuambia ni mafua tu!"

"Mimi napanga, dada. Sisemi."

Lilikuwa jibu la kijinga, la aina ile wanayoitoa watu wanaotaka kula bila kuulizwa wamekula nini. Msichana alicheka tu, kwa sababu kijana alikuwa na meno mazuri. Uzuri umewapofusha wengi walio wazee kuliko yeye. Wakatoka bila Kinga Kamili, na hilo ndilo jambo la busara walilofanya siku hiyo.

Kazi ya msichana ilikuwa kukaa mbele ya ubao wa simu, kuuliza "Namba ngapi?" na kuchomeka waya, tangu asubuhi hadi jioni. Kijana akambatiza jina la Namba Ngapi. Yeye akamwita Kidole. Walikuwa wasichana wanane pale, kisha wakawa sita. Meneja wa simu alikuwa amewakataza kujifunga vitambaa mdomoni, ati wateja wanalalamika sauti zinakuwa nzito. Wawili walipokufa, aliagiza wengine kama mtu anavyoagiza viti.

"Namba ngapi, tafadhali?"

"Namba ya moyo wako."

"Laini hiyo iko kwenye matengenezo, bwana."

"Yatakwisha lini, laazizi?"

"Fundi hajapatikana. Kata, Meneja huyo anakuja!"

Jumapili walikutana kwenye kiwanda cha gazeti, mitambo ikiwa imelala. Kidole alimfundisha kusoma herufi za madini ya risasi zikiwa bado kwenye fremu, zikitazama kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto. Namba Ngapi alikuwa mwepesi. Baada ya Jumapili tatu alisoma kichwa cha habari bila kukwama, akapewa busu, akadai la pili kwa ajili ya alama ya mkato.

Kisha mama yake Namba Ngapi akaugua.

Mama huyo alikuwa mshonaji, mjane, mwenye ulimi mkali kama mkasi wake. Alimlea binti yake peke yake kwa cherehani moja. Kidole alikwishakunywa chai kwake mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa akanawe mikono tena. Jumanne watu wa hospitali walimchukua kwa machela, wakamlaza wadi ya nyuma. Mji mzima ulijua kwamba wadi ya mbele ni ya kupona na wadi ya nyuma ni ya kungojea. Ndugu hawakuruhusiwa kuvuka geti.

Alhamisi, saa ya chakula, Namba Ngapi alikimbilia kiwandani apate mtu wa kumlilia. Kidole alikuwa nyuma akinawa. Juu ya meza ya chuma ulikuwa umelala ukurasa wa pili, umekwisha kupangwa. Msichana akaanza kuusoma ili kuyasahau machozi. Alipofika mstari wa saba akakuta jina la mama yake, namba ya nyumba yao, na maneno: amefariki kwa amani.

Kidole alimkuta ameshika meza kwa mikono miwili.

"Mama amekufa saa ngapi?"

"Hajafa! Tulia, kipenzi, hajafa. Ni... ni utaratibu tu. Asubuhi hospitali wanatuletea majina ya wadi ya nyuma, kwa sababu hawatoki wengi. Mhariri anataka ukurasa uwe tayari saa tisa. Tunawapanga wote, halafu tunauliza. Aliye hai tunamtoa."

"Mnamtoa."

"Kwa kibano."

"Na ulipofika kwenye jina la mama yangu?"

"Mkono ulisita. Wallahi ulisita. Lakini Mhariri alikuwa amesimama nyuma yangu."

"Ukalipanga."

Kidole alilipanga herufi kwa herufi, jina la mwanamke aliyempa chai, kwa kumwogopa mtu ambaye ushujaa wake wote ulikuwa kwenye tai ya hariri.

"Mimi nikidhani nimempata mwanamume," alisema Namba Ngapi. "Kumbe nimepata kibano."

Alikimbia hadi hospitali. Mlinzi wa geti aliuliza ndani kwa kupiga kelele, akajibiwa kwa kelele vilevile: yu hai, anadai maji, na ametukana mtu. Msichana alikaa chini kwenye vumbi na sare yake ya pasi, akalia kwa furaha na hasira pamoja.

Siku iliyofuata simu zilianza.

"Namba ngapi?"

"Ni mimi, mpenzi. Nisikilize dakika..."

Waya ulichomolewa. Alipiga mara kumi na moja, ukachomolewa mara kumi na moja. Wenzake walimwambia anazidisha, maana wao walikuwa wamesamehe makubwa zaidi kwa zawadi ndogo zaidi.

Sitamsifu Kidole kabla ya wakati. Usiku ule alijihurumia kama wanavyojihurumia wote waliokosea, akajiambia kwamba si yeye, ni kazi. Asubuhi jiwe la aibu lilikuwa bado limemkaa kifuani. Akaenda kiwandani, akavua aproni.

"Unakwenda wapi?" Mhariri aliuliza. "Nani atapanga orodha?"

"Panga mwenyewe. Vidole unavyo."

Hospitali ilikuwa inatafuta wa kuchota maji wadi ya nyuma. Hakuna aliyemuuliza cheti. Alipewa ndoo mbili na kipande cha shashi cha kufunga mdomoni, akaingia mahali ambapo madaktari wenyewe walipita mbiombio wakiwa wameshika pumzi. Vitanda vilikuwa arobaini, wagonjwa sitini na wawili. Mama alikuwa karibu na ukuta, midomo imeanza kuwa ya buluu, macho yangali yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si yule wa kucha chafu?"

"Ndiye, mama. Nimekuja kukuambia jambo." Akapiga magoti, akalisema lote, bila kumtaja Mhariri.

Mama alijiinua kwa kiwiko. "Uliandikaje?"

"Kwamba umefariki kwa amani."

"Kwa amani!" Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaleta damu, na Kidole akamshikia beseni. "Maji mara mbili kwa siku, huyu jirani ananipiga mateke, na wewe unasema kwa amani! Mwongo mkubwa wewe."

"Nisamehe, mama."

"Nionyeshe mwanangu, nitakusamehe."

"Hawaruhusu ndugu kuingia."

"Na kunizika walikuruhusu?"

Alasiri ile, chumba cha karani kilipokuwa wazi, Kidole alinyanyua simu.

"Namba ngapi?"

"Usikate. Siombi msamaha. Kesho saa saba, dirisha la tatu, upande wa jalala. Mama yako atakuwepo."

Msichana akakata, lakini kesho yake alikwenda. Alivaa gauni la manjano ambalo mama alimshonea, akaruka mtaro, akapita kwenye takataka hadi ukutani. Nyuma ya kioo, Kidole alikuwa amempakata mama yake kama mtoto.

"Umekonda!" mama alipaza sauti.

"Na wewe je, mama?"

"Mimi naumwa, nina sababu!" Alipumzika kutafuta pumzi, akamgonga Kidole kifuani. "Huyu alinizika. Amekuja kuniambia mwenyewe. Marehemu baba yako hakuwahi kunieleza kosa hata moja mpaka anaingia kaburini."

Namba Ngapi aliweka kiganja kwenye kioo. Mama akaweka chake upande wa pili. Kidole akamwinua zaidi, asichoke mkono.

Walionana hivyo siku tatu, kila siku mama akiwa mwepesi zaidi mikononi mwa mchota maji.

Siku ya nne, saa tano kasoro robo, mlango wa chumba cha simu ulifunguliwa kwa kishindo. Kidole alikuwa amelowa jasho, shashi imening'inia shingoni.

"Hapa haingii mtu wa nje!" Meneja alifoka, kisha aliponusa dawa za hospitali akarudi nyuma hadi akagonga kabati. Kidole alimpita kama mtu anavyopita fanicha.

Namba Ngapi alimwona, akajua. Akavua chombo cha masikioni taratibu.

"Lini?"

"Saa nne na robo. Nilikuwa nimemshika. Nimekuja mbio, sikutaka uambiwe na mtu mwingine wala usome popote."

"Alikufa kwa amani?"

"Hapana," alisema Kidole. "Alipigana mpaka mwisho. Alikuita kwa jina lako la utotoni."

Msichana alitikisa kichwa polepole. Nyuma yake wateja walikuwa wanangoja, matajiri na wajinga, kila mmoja akidhani simu yake ndiyo ya maana.

"Jana nilimwomba nikuoe," Kidole akasema. "Akaniambia nikuulize mwenyewe, yeye si karani wangu."

"Ndiyo unaniuliza leo?"

"Ndiyo leo. Natoka wadi ya nyuma, Namba Ngapi. Sijui kama kesho ninayo."

Namba Ngapi alimtazama usoni, akitafuta yule mtu aliyesimama mbele ya meza ya chuma akaogopa tai ya Mhariri. Hakumpata.

"Nimekubali," alisema. "Lakini ngoja kwanza nilie."

Akangoja.