Ukucha wa Kijani

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi kompyuta wa ofisi moja. Barua pepe za matapeli ziliwazidi hadi bosi akataka kuachana na barua pepe kabisa. Rafiki yangu akaweka mtego: yoyote yenye neno “nisaidie” iende moja kwa moja kwenye takataka.

Mchana mmoja, kabla hajazifuta, akafungua moja kwa utani tu. “Nisaidie, niko stoo, ananiua.” Chini yake palikuwa na rekodi ya sauti. Akaisikiliza: vishindo, mfupa ukivunjika, kucha zikiparura mbao.

Akachukua ufunguo, akashuka stoo, akafungua. Giza totoro, hakuna mtu. Akapapasa mlango kwa ndani. Ulikuwa umechanwachanwa, unateleza kwa damu ya moto. Akawasha tochi ya simu: kwenye ubao ulinasa ukucha mzima, umepakwa rangi ya kijani.

Rangi ile ilikuwa ya dada wa mapokezi. Akafunga, akapanda ngazi mbio, roho mkononi. Akamkuta anacheka na simu, kucha zake zote kumi salama.

“Kaka, mbona umenitolea macho?” Akanyoosha mkono. “Hebu nipe ufunguo wa stoo. Bosi kasema nimtangulie.”