Kionjo Kilichosema Mno

Fumbo ambalo mhariri yule hakuwahi kulifumbua ni hili: alipoifungua filamu, haikuwa na mwisho. Alipomaliza kuikatia kionjo, mwisho ulikuwepo.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kutengeneza vionjo vya filamu, zile dakika chache za kumtia mtazamaji hamu. Wenzake walimwita binti huyo Mwaga Mtama. Walisema ukishatazama kionjo chake huna haja ya kwenda sinema. Muuaji umeshamjua na bibi harusi umeshamzika. Yeye hakuona kosa. Hata mnunuzi wa papai, alijitetea, hulibonyeza kwanza.

Jioni moja ya mvua alirudi ofisini kuchukua mwavuli aliousahau. Kwenye benchi la ukumbini alimkuta mteja, mwanamume mwembamba, nguo zake kavu kabisa. Alinuka udongo uliotoka kufukuliwa.

Hakujitambulisha. Alinyoosha mkono wenye flashi.

"Wanasema wewe huachi kitu," alinong'ona. "Basi usiache kitu."

Filamu haikuwa na sauti. Nyumba moja, mwanamke mmoja aliyeipa kamera mgongo. Kikombe kinakatika kishikio. Pazia linaanguka. Taa inafifia. Kisha giza, basi. Mwaga Mtama alivipanga vipande apendavyo: pazia akalitanguliza, kikombe kikafuata, taa ikafunga. Akakiendesha kionjo chote akitazame.

Baada ya taa, kikaja kipande ambacho hakukiweka.

Kitanda. Shuka jeupe limemfunika mtu mpaka kichwani. Chini ya kitanda, kandambili za kijani, zimepangwa sawasawa.

Alitoka kwenda ukumbini kumuuliza mteja. Benchi lilikuwa tupu. Harufu ilikuwa bado ipo...

Nyumbani alimkuta mama yake amepanda kiti, anarudishia pazia. Limejiangukia tu, mama alisema. Mwaga Mtama akajiambia mapazia huanguka kila siku. Mama akashuka, akamimina chai, akainua kikombe.

Tak.

Kishikio kikabaki kidoleni. Kikombe kikawa vipande sakafuni.

Pazia, halafu kikombe. Filamu haikupangwa hivyo. Ni yeye aliyepanga.

Akatazama mlangoni. Pale, kandokando ya viatu vya zamani, palikuwa na kandambili mpya za kijani. Mama alizinunua mchana uleule.

Akamweleza yote, hata shuka, hata kandambili. Mama alisikiliza huku akifagia vigae vya kikombe. Alisema siku zote alijua huo mtama ipo siku utamwagwa mpaka sebuleni kwake.

Ndipo taa ikaanza kufifia.

Walitoka mbio, wakitumbukiza miguu gizani katika viatu vyovyote vilivyokuwa mlangoni. Ofisi ilikuwa mtaa wa pili. Mwaga Mtama alikifungua kionjo, akakisogeza hadi kipande cha mwisho, akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta. Kidole kikagoma. Maisha yake yote kilikuwa kimezoea kubakiza.

Mama aliuliza kama kukifuta pale kungekifuta na kwenye filamu yenyewe. Binti alisema hajui. Kionjo ni kionjo. Filamu huendelea na mambo yake.

Mama alisogelea skrini. Mvua ilikuwa ikigonga dirisha, au kitu fulani kilikuwa kikigonga dirisha.

"Kila filamu ina mwisho, mwanangu," mama alisema. "Mimi sitaki tu kutangaziwa. Kitufe ni kipi?"

Hakuwahi kugusa kompyuta. Alikibonyeza kwa kidole gumba, kama mtu anayeua kunguni. Kipande kikatoweka. Harufu ya udongo ikapanda, nzito, kana kwamba kuna mtu ameegemea kiti chao kwa nyuma.

Hawakugeuka.

Mama aliinamisha macho. Akaitazama miguu ya binti yake, akaitazama kwa muda mrefu, mpaka binti naye akatazama.

Kandambili za kijani.

"Vua," mama alisema taratibu.

"Mama..."

"Vua, nimesema. Za kwangu hizo."

Alizivua. Mama akazivaa, akajifunga mtandio vizuri, akatangulia kutoka. Mwaga Mtama alimfuata pekupeku mvuani, asione kitu mbele, akizisikia tu zikipiga maji.

Chwa... chwa... chwa...