Mguu wa Mbele, Mguu wa Nyuma

Pale Mkolani, kila aliyewahi kupata pancha alimjua fundi baiskeli Ndalahwa. Na kila aliyemjua alikuwa ameshasikia habari za swala.

"Jumamosi binti yangu Modesta anaolewa," Ndalahwa alisema huku akiziba tairi mbele ya nyumba yake. "Wakwe watakula swala. Kuku wameshawazoea."

"Na swala mwenyewe ameshaambiwa?" mkewe, Kashindye, aliuliza kutoka jikoni. Wateja wakacheka.

Ndalahwa hakuwa jangili. Bunduki yake ilikuwa na leseni, na kibali cha kuwinda alikuwa nacho. Alikikunja, akakitia kwenye nailoni, akakiweka mfukoni kama hirizi.

"Umekisoma?" Kashindye alimwuliza siku ya safari.

"Karatasi ya serikali ni ya kuonyesha, Mama Modesta, siyo ya kusoma."

Usimlaumu haraka. Watu wa rika lake walikua wakiona karatasi zikiletwa na watu waliokuja kuchukua, siyo kutoa. Babu yake alilala mahabusu kwa ajili ya sungura mmoja, na hakuna aliyemweleza kosa lake. Mambo hayo hayasahauliki, na yasisahauliwe. Lakini kinyongo hakisomi kibali.

Alipanda pikipiki na Yeremia, mdogo wake Kashindye, wakavuka daraja la Busisi mpaka kwenye pori waliloruhusiwa. Huko walimkuta Sabina, askari wa wanyamapori, binti mwembamba mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Kazi yake ni kufuatana na wawindaji.

Jua lilipochomoza, Ndalahwa alimwona swala dume. Akapiga. Swala akaruka, akayumba, akavuka kijito, akapita mawe yaliyopakwa chokaa, akapotelea vichakani. Ng'ambo ya mawe yale ni hifadhi.

"Umempata, shemeji!" Yeremia alipiga kelele. "Damu hiyo hapo. Twende!"

Kwa wawindaji wa ukoo wa Ndalahwa, mnyama ni wa aliyemjeruhi kwanza. Akikimbilia shamba la mtu, unamfuata. Akifia mlangoni kwa chifu, unamfuata. Basi Ndalahwa akavuka kijito, akakanyaga ng'ambo ya mawe.

"Shikamoo, baba," Sabina alisema nyuma yake.

"Marahaba. Si tulishaamkiana?"

"Hii ni ya kuagana. Mguu wako wa nyuma una kibali. Wa mbele uko gerezani."

Yeremia akaangua kicheko. Ndalahwa hakucheka, wala hakurudisha mguu.

"Mwaka juzi lilipita gari hapa hapa, limejaa wakubwa!" alifoka. "Likavuka mawe haya, likarudi na swala watatu. Mlikuwa wapi? Sheria yenu inaona mafundi baiskeli tu?"

"Namba za gari?"

"Sikuzishika."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Hasira yako ni ya haki, baba. Lakini ukivuka wewe, siku gari lile likirudi, utalisimamisha kwa mdomo gani?"

Ndalahwa akautazama mguu wake. Akaurudisha taratibu, kama kitu cha kuazima.

"Sasa tusome kibali," Sabina alisema.

Akasoma polepole, kidole chini ya kila neno. Swala mmoja. Dume. Kuanzia barabarani, mwisho mawe meupe ya kijitoni.

"Kumbe ni Kiswahili!"

"Ulidhani ni nini? Sikiliza, baba. Mnyama uliyemjeruhi akivuka mpaka, wewe simama. Weka alama pale alipovukia, kisha toa taarifa. Wenye hifadhi ndio wataingia kumtafuta. Na huyo ameshahesabiwa kwenye kibali chako, hata asipoonekana. Akionekana, unamwandika kwenye kibali papo hapo, kabla hujambeba."

Ndalahwa akaweka alama kwenye mawe alipopita swala, Sabina akapiga simu hifadhini kutoa taarifa yake. Wakakaa kusubiri.

Saa nzima ikapita. Mara swala dume mwingine akatokea, upande wao kabisa, hatua arobaini. Akainama kunywa maji.

"Shemeji," Yeremia alinong'ona, "Mungu huyo! Na huyu yuko ndani ya mpaka."

Ndalahwa aliwaza wakwe. Aliwaza midomo ya Mkolani. Yule wa kwanza asipopatikana, Jumamosi atauweka wapi uso wake? Mkono ukaenda kwenye bunduki. Ukasimama. Ukaenda mfukoni.

"Imeandikwa mmoja," alisema.

Akakohoa kwa nguvu. Swala akatimka.

"Umeifukuza harusi nzima!" Yeremia alilia.

Jua lilikuwa utosini askari wawili wa hifadhi walipotokea ng'ambo, wamembeba swala. Alikuwa ameanguka karibu tu. Mkubwa wao alikagua kibali, akaitazama alama ya Ndalahwa kwenye mawe.

"Ungemfuata, sasa hivi tungekuwa tumekubeba wewe," alisema. "Umetoa taarifa. Mwandike, umchukue."

Ndalahwa akaomba kalamu. Hajawahi kuandika kwa mwandiko mzuri kama ule.

Jumamosi wakwe walikula, wakalamba vidole. "Swala aliambiwa," Kashindye aliwatangazia, "ila ilibidi aombewe ruhusa."

Msimu uliofuata Ndalahwa alirudi porini. Gari jeupe likaja, likasimama kijitoni. Akashuka bwana mmoja mwenye kitambi na bunduki inayong'aa, akakanyaga ng'ambo ya mawe. Ndalahwa alikuwa ameshaziandika namba za gari kiganjani, na Sabina alikuwa anakuja, daftari mkononi.

"Shikamoo, mheshimiwa," Ndalahwa alisema. "Mguu wako wa nyuma sijui. Huo wa mbele, tunajua unakokwenda."