Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Sindano iliingia kwenye paja la mtoto, na mtoto hakulia.

Nasike alikuwa amejiandaa. Alikuwa amemshika kichwa, ameuma mdomo, anangoja ule ukelele ambao kila mama kwenye benchi la zahanati huungoja. Haukuja. Mtoto wa wiki sita alilitazama paja lake, akaitazama sindano, kisha akamtazama nesi kwa subira, kama mzee anayemngoja karani amalize kugonga muhuri.

"Ai, Mama Shali!" Mildred akacheka. Mildred alikuwa jirani yake kule Silanga, Kibera, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na binti yake Adhis wa mwaka mmoja alikuwa bado anamwaga machozi ya sindano yake. "Huyu wako ni soja ama? Nipatie hiyo dawa umemnywesha, nipee huyu wangu."

"Sijamnywesha kitu."

"Basi ako na roho ngumu. Huyu atakuwa chifu, atatusumbua sana."

Nesi hakucheka. Alikuwa amelipangusa paja kwa pamba, na pamba ilibaki nyeupe. Akainusa, akakunja uso.

"Mama, unamwosha na nini huyu?"

"Maji tu na sabuni."

"Ananuka chokaa," nesi akasema polepole. "Chokaa mbichi."

Nasike alirudi Silanga akikanyaga matope ya ile mvua ya El Niño, mvua ya mwaka wa tisini na saba ambayo watu walisema imesahau njia ya kwenda kwao. Mildred alikuwa akipiga domo mbele yake. Nasike hakusikia. Alikuwa akihesabu siku. Mtoto alikuwa na siku kumi na moja tangu apate jina, na katika siku hizo kumi na moja hakuwa amelia hata mara moja.

Kabla ya hapo alikuwa hanyamazi. Alizaliwa akilia, akalia asubuhi na jioni, akalikataa ziwa mpaka maziwa yakamwuma mamake kama majipu. Mildred alileta maji ya dawa ya tumbo. Watu wa kanisa walileta maombi. Lakini kwao Wesonga, mume wake, na kwao Nasike pia, kule Bungoma, mtoto anayelia hivyo haumwi. Anaitisha jina. Kuna marehemu wa ukoo anayetaka kurudi kwa njia yake, na kazi ya wazee ni kuyataja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka mtoto anyamaze na kunyonya. Jina atakalonyamazia ndilo lake. Mwenye jina amefika, mlango umefunguliwa, kuku anachinjwa.

Kwa hiyo Jumapili moja baada ya kanisa alikuja Mzee Wakoli, baba mdogo wa Wesonga, fundi wa vitanda kule Kawangware. Akaketi kwenye stuli, kofia magotini, akamwambia mtoto kwa sauti ya chini, "Kama ni wewe, Murunga, nyamaza unyonye." Mtoto akalia. "Kama ni wewe, Nasipwondi mkubwa, nyamaza unyonye." Mtoto akalia. Mzee Wakoli alijua majina sita. Yalipokwisha, akageuza viganja vyake juu, vitupu.

"Wengine siwajui," alisema. "Baba yetu alitolewa kwao angali mdogo, akalelewa kwenye mashamba ya wazungu kule Kitale. Majina yalibaki kwa akina mama."

Wesonga alikuwa mwalimu. Alifundisha historia katika shule moja ya mabati huko Kawangware, na historia aliyoipenda, aliyolala na kuamka nayo, ilikuwa ya miji mikongwe ya pwani. Angekutajia ni mwaka gani Mreno alitia nanga, ni mwaka gani ngome ilianguka, ni koo gani zilijenga nyumba za mawe ya matumbawe na kwa nini zilizihama. Jina la babu wa babu yake mwenyewe alikuwa halijui.

Agosti ya mwaka huo alikuwa amekwenda na walimu wenzake kuyatembelea magofu ya mji mmoja wa pwani ya kaskazini. Siku nne nzima alizunguka na daftari lake, akapima kuta kwa hatua, akachora vidaka, vile visanduku vya ukutani ambamo wenyewe waliweka sahani zao za kigeni. Katika nyumba moja kubwa iliyobaki bila paa alikuta maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye chokaa, akamwomba mlinzi wa magofu amsomee, naye akaandika. Majina sita yalikuwa ukutani. La saba lilikuwa uani. Mlinzi aliinama akalisoma kwa kunong'ona, kisha akatema mate pembeni mara tatu. Wesonga alidhani ni vumbi.

Jumapili ile, mtoto akilia mpaka sauti imeparara, Wesonga alilichukua lile daftari. Alicheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu.

"Basi wa kwetu wamekataa. Tujaribu wa Waswahili."

"Mwalimu, hii si mchezo," Mzee Wakoli akasema.

"Si mchezo, baba mdogo. Nimechoka." Akasoma. "Kama ni wewe, Mwana Esha, nyamaza unyonye. Kama ni wewe, Bwana Hamadi..."

Sita wakapita, na kilio kikaendelea.

"Kama ni wewe, Mwinyi Shali, nyamaza unyonye."

Kilio kilikatika katikati, kama kamba. Mtoto akageuza shingo, akalitafuta ziwa mwenyewe, akalishika. Nasike alilia kwa niaba yake.

"Huyo ni wa nani?" Mzee Wakoli aliuliza.

"Ni jina tu."

"Jina halikosi mwenyewe." Lakini mila ni mila, mtoto akishachagua, wazee hawarudi nyuma. Kuku alichinjwa mlangoni. Mwinyi Shali alikaribishwa.

Sasa, baada ya ile sindano, Nasike alianza kutazama.

Alitazama jinsi mtoto alivyonyonya macho wazi, hapepesi. Alitazama kuta za udongo za chumba chao zikiota ukungu mweupe kutoka chini kwenda juu, na alipougusa na kulamba kidole, kilikuwa na chumvi. Harufu ilikuja mchana, kila mvua ilipopumua na jua likasimama juu ya mabati: chokaa iliyolowa, udi wa zamani, na kitu kama mwani uliooza, hapa Silanga, ambako watu wanajua harufu ya bwawa na ya makaa na ya sukuma wiki, si nyingine. Adhis, aliyezoea kuingia bila hodi, sasa alifika kizingitini akarudi kinyumenyume, kidole mdomoni. Kisha zikaja sauti, si usiku, ni saa saba mchana watu wakiwa kazini: sahani ikiwekwa juu ya sahani, kata ya kuchotea maji ikigonga ukingo wa mawe, nyayo pekupeku zikizunguka kitanda, zikizunguka, zikizunguka bila haraka, kama mtu anayekipima chumba kwa hatua ili ajue ni nafasi gani aliyopewa.

Siku moja alikuwa nje akifua nepi. Akasema bila kufikiri, kama mama yeyote, "Shali, mama anakuja."

Kutoka kitandani, sauti laini, ya adabu, ikamjibu: "Labeka."

Aliiacha nepi ikaenda na maji ya mtaro.

Jioni alimwambia mumewe, mdomo karibu na sikio lake, mkono ukiwa umemfunika mtoto masikio.

"Mtoto amesema, Baba Shali."

"Ni hewa, Nasike. Watoto hutoa sauti."

"Amesema labeka. Ni nani hapa Kibera anasema labeka? Mimi nilisoma hiyo neno darasa la nne, kwa kitabu. Watoto wa pwani ndio husema hivyo wakiitwa na wazazi wao."

Wesonga aligeuza kichwa. Alimtazama mtoto. Mtoto alimtazama, akatabasamu bila meno.

Kesho yake Wesonga alimleta Maalim Ramadhan kutoka mtaa wa Makina, Mnubi mpole aliyefundisha watoto Korani karibu na msikiti. Maalim alivua viatu, akasimama akinusa, kisha akaomba lile daftari. Alilisoma kwa muda mrefu.

"Haya sita uliyatoa wapi?"

"Ukutani, juu ya kidaka."

"Na hili la saba?"

"Uani. Kwenye mfuniko wa kisima. Ulikuwa umezibwa kwa chokaa."

Maalim akalifunga daftari. "Mwalimu wangu, umesoma sana, na hili hukulisoma. Jina la mtu huandikwa ukutani ili akumbukwe. Jina likiandikwa juu ya mfuniko, huandikwa ili mwenyewe akae ndani. Hao sita ndio waliomfunga. Ninyi mmemfungulia."

"Mfukuze, Maalim," Nasike akanong'ona. "Mfukuze tafadhali."

"Aliyeingia kwa wizi ningemfukuza leo. Huyu hakuiba. Mlimwita kwa jina, mkamchinjia." Akaketi hata hivyo, akasoma. Alisoma mpaka jasho likalowesha kanzu yake, mpaka ukungu wa ukutani ukaanza kudondoka kama unga, na mtoto akakunja uso, akafungua mdomo, akalia. Alilia kile kilio chake cha zamani, chenye kukwaruza. Nasike alimkumbatia akicheka na kulia, alimjua. Huyu ndiye aliyemzaa.

Lakini alipompa ziwa, mtoto alilikataa.

"Nimemsogeza mlangoni tu," Maalim akasema, sauti imeisha. "Nyumba haina mwenyewe. Kama mila yenu ndiyo iliyomleta, mila yenu ndiyo itakayoziba mlango. Nenda kwenu ukatafute jina lake, Mwalimu, nenda leo. Na wewe mama, hata iweje, usilitaje lile jina. Ukimwita tena, ataingia na atafunga kwa ndani."

Wesonga alipanda basi la Bungoma jioni hiyo. Kule Kimilili alikuwako ajuza wa ukoo, Kokhu Nasipwondi, bibi aliyerithi jina la yule Nasipwondi mkubwa, aliyekuwa na majina yote kichwani. Siku mbili, Wesonga alisema. Kwenda na kurudi, siku mbili.

Siku ya pili mvua ilivunja daraja la njia ya Bungoma, na redio ya Mildred ikataja barabara zilizokatika.

Siku ya tatu kwenye zahanati walimtia mtoto maji kwa mrija, mshipa ukapotea, wakamtia tena, ukapotea. Nesi yuleyule alimwambia Nasike mtoto lazima anyonye. Nasike alikamua maziwa akamtilia kwa kijiko. Yalitoka pembeni mwa mdomo. Mildred alikaa naye, hakuwa na mzaha tena.

"Mpeleke hosi kubwa."

"Nilimpeleka. Wamesema vitanda vimejaa, anyonye."

"Na hilo jina lake, si umwite tu? Si alikuwa analisikia?"

"Usilitaje!" Nasike akamziba mdomo kwa kiganja. "Mildred, usilitaje."

Siku ya nne, saa sita, mvua ikapumua. Mtoto hakuwa akilia tena. Alikuwa akitoa kijisauti kidogo, kama mlango wa kabati, na baada ya kila kijisauti kulikuwa na kimya kirefu zaidi ya kile kilichotangulia, na Nasike alikuwa ameinama juu yake akiyataja majina, ya Wakoli yote sita, ya kwao mwenyewe aliyoyajua, ya shangazi, ya mtoto wa dada yake aliyekufa kwa surua, akiyataja bila pumzi, akiyarudia, na nyuma yake zile nyayo pekupeku zilikuwa zimesimama kizingitini, hazizunguki, zinangoja, na ile harufu ya chokaa ilikuwa imejaa chumba, na kijisauti kikaja, na kimya kikaja, na kijisauti hakikuja, hakikuja, hakikuja, na midomo ya mtoto ilikuwa ya buluu, na mkono wake mdogo ulikuwa umefunguka juu ya blanketi kama jani.

"Shali," Nasike akasema.

"Labeka, mama."

Akanyonya.

Wesonga alifika saa nane, matope mpaka mapajani. Sehemu ya njia alikuwa ametembea. Alisimama mlangoni na karatasi mkononi, akamwona mkewe ameketi sakafuni, mtoto kifuani ananyonya, mashavu yamejaa, na furaha ikampanda usoni kabla hajayaona macho ya Nasike.

"Ninayo," alisema. "Tisa. Kokhu alinitajia tisa."

"Taja," Nasike akasema, hakuinua kichwa.

"Kama ni wewe, Wabwile, nyamaza unyonye."

Mtoto aliendelea kunyonya, akimsikiliza kwa adabu. Ndipo Nasike aliposikia. Chini. Chini ya mkeka, chini ya udongo, chini sana, kama kutoka ndani ya mawe, mtoto alikuwa akilia, kilio chenye kukwaruza.

"Endelea," alisema.

"Nasike, ni nini hiyo?"

"Taja, Baba. Taja!"

Akataja la pili, la tatu, la nne, na kilio kile kikaendelea chini, kinazunguka kama kinavyozunguka kilio ndani ya kisima. Akafika la saba.

"Kama ni wewe, Makokha, nyamaza unyonye."

Kilio kilikatika.

Walisubiri. Hakikurudi. Lilikuwa ndilo lenyewe, jina la babu wa babu yake Wesonga, na mwanawe alikuwa amelisikia, na alikuwa huko chini, kimya, kinywa wazi, anatafuta.

Yule aliye mikononi aliliachia ziwa kidogo, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akalishika tena. Na ziwa la pili, ambalo hakuna aliyelishika, likaanza kuvuja lenyewe. Nasike alilitoa nguoni. Akainama taratibu mpaka paji la uso likagusa mkeka, akaufunua mkeka, akayaacha maziwa yadondoke ardhini, tone kwa tone, yakizama.