Kasida Ilipokatika Chini ya Vitenge

Umeme ukirudi katika soko la Jabe, kila mtu hukimbilia waya. Mwantum, muuza vitenge wa hapo, hakubaki nyuma. Alichomeka chaja, akaifunga simu ndani ya kitenge, kisha akaifukia katikati ya mlundo wa vitambaa ili wezi wasiione. Tena aliiacha ikicheza video ya kasida kwa sauti ya chini. Maadamu anaisikia, alijua haijaibwa.

Siku ile simu ilikuwa roho yake. Binti yake Yasmina alikuwa hospitalini Kigoma, uchungu wa uzazi wa kwanza umemshika tangu alfajiri. Mkwe aliahidi kupiga mara mtoto atakapozaliwa.

Kabla ya adhuhuri kasida ilikatika. Mwantum alitia mkono kwenye mlundo, akautoa mbio. Simu ilikuwa ya moto kama sufuria, na kioo kilikuwa cheusi. Aliogopa sana. Alichomoa waya, akakimbia na simu hadi kwa jirani muuza soda, akataka kuitumbukiza kwenye sanduku la barafu.

Djibril, fundi simu wa kibanda cha pili, aliwahi kuweka kiganja juu ya kifuniko.

“Apana, Mama Yasmina. Mu barafu apana. Maji itaingia ndani, na hapo itakufa kweli.”

“Niache, Djibril. Yasmina iko anazala. Bwana yake atapiga, na mi sitasikia.”

“Atapiga tena. Leta hapa.”

Djibril aliivua kava, akaikagua mgongoni. Haikuvimba wala haikunuka.

“Una bahati,” alisema. “Betri ingekuwa imevimba, ningekukataza kuichomeka tena.”

Akailaza juu ya ubao mtupu, kivulini, penye upepo.

“Sasa?”

“Sasa tunangoja. Ipoe yenyewe.”

Kungoja kulimtesa. Mwantum alikaa, akasimama, akakaa tena. Djibril naye si mtu wa kuacha nafasi ya kutoa somo impite.

“Ulikuwa unaichajia wapi?”

Mwantum aliona haya. Alinyoosha kidole kwenye mlundo. Djibril akacheka.

“Umeivalisha duka muzima? Telefone ikikula umeme, inatoa joto. We umeifunga mu vitenge, na video iko inacheza juu. Inafanya kazi mbili. Joto itapitia wapi kutoka?”

“Na wezi je?”

“Weka mbele yako, juu ya ubao, bila kava. Jua isiiguse. Video usiicheze mpaka telefone ijae. Ikijaa, chomoa. Ukienda kusali, niletee, mi nitaichunga.”

Walipokwisha kunywa chai, Djibril aliigusa. Ilikuwa imepoa kabisa. Akaiwasha, na kioo kikang'aa. Ujumbe wa mtandao ukaingia: kumbe mkwe alikuwa amepiga mara tatu. Kabla Mwantum hajabonyeza kitu, simu ililia. Alikuwa Yasmina mwenyewe, sauti imechoka.

“Mama, ulikuwa wapi? Ni mutoto mwanamuke. Tuko wazima sisi wote.”

“Alhamdulillahi,” alisema Mwantum, na machozi hakuyaficha.

Siku hizi simu yake huchajiwa juu ya ubao, mbele ya macho yake, bila kava na bila video. Haijapata moto tena. Kasida anaimba mwenyewe, na wateja wamezoea. Yasmina akipiga, Mwantum huchomoa waya kwanza, ndipo apokee. Mjukuu akilia kule Kigoma, bibi anamsikia Jabe.