Mpangaji Kichwani mwa Kinue

Siku chache baada ya upasuaji, Kinue Sugahara aligundua kwamba sauti ya marehemu mumewe imehama.

Tangu majira ya mapukutiko sauti ile ilikuwa ikimsemesha ndani ya kichwa, nyuma kidogo ya sikio la kulia, naye alikwisha kuizoea kama mtu anavyozoea kero za jirani. Sasa ilitoka kwenye kiti kilichokuwa kando ya pazia.

"Chai iko wapi?" kiti kiliuliza.

Kinue hakugeuza hata shingo. Tokujiro alikuwa amekufa zamani. Usiku mmoja alitoka kulewa, akaangukia mfereji wa mashamba ya mpunga na kufia humo, uso kwenye tope, katika maji ambayo yasingemfika magotini. "Hata kufa alikufa kivivu," Kinue alizoea kuwaambia wateja wake pale dukani mjini Toyama, alikokuwa akitengeneza na kuuza tofu, ile jibini laini ya soya, tangu ujana wake, mume akiwa amelala.

Halafu yalikuja maumivu ya kichwa. Mkono wa kushoto ukaanza kuangusha vipande vya tofu. Duka zima likawa linanuka tope, ingawa hakuna aliyeinusa harufu hiyo ila yeye, na nyuma ya sikio Tokujiro akaanza kudai chai.

Daktari Hatanaka, mpasuaji kijana mwenye sauti ya upole, alimwonyesha picha ya kichwa chake. Ulikuwa uvimbe wa saratani, wa aina ile inayokua kwa pupa. "Siku moja kabla ya kukupasua tutakudunga dawa ya kijani," alieleza. "Inajikusanya ndani ya uvimbe. Tutakata kinachokatika, na pale kisu kisipothubutu kufika tutamulika kwa mwanga wa leza. Dawa peke yake haiunguzi, na mwanga ule peke yake hauunguzi. Vikikutana, chochote kilichokunywa dawa kinaungua."

"Na mimi mwenyewe je?"

"Dawa itabaki mwilini kama wiki mbili. Jua likikupiga utababuka. Kwa hiyo utakaa gizani."

Muda wote huo, nyuma ya sikio, Tokujiro alikuwa akipiga miayo. "Huyu mtoto anapayuka nini? Twende nyumbani."

Basi ndiyo maana Kinue alikuwa amelala kwenye chumba chenye mapazia mazito maradufu, kingo zake zimebandikwa utepe, na taa moja ndogo imegeuziwa ukutani. Nje jua la adhuhuri lilikuwa likiwaka juu ya theluji. Ndani kulikuwa kama tumboni mwa chungu.

"Nimekuuliza, chai iko wapi?"

"Wafu hawakojoi. Chai ya nini?" alinong'ona Kinue.

Kiti kikalia kama kimekaliwa na mtu aliyelowa. "Umenichomea nyumba, we mwanamke. Mwanga wenu umenibabua mgongo mzima."

"Nyumba! Ulipokuwa hai ulijibweteka dukani kwangu, ulipokufa ukajibweteka kichwani mwangu. Hebu toka, umbwa wewe."

"Nitatoka. Namngoja Mitsuyo."

Hapo ndipo Kinue alipogeuza shingo. Mitsuyo alikuwa binti yake wa pekee, mwenye moyo laini kupita kiasi, ambaye mpaka leo alikuwa akisafisha kaburi la baba yake na kumwachia maua.

Mitsuyo alifika na chakula cha mchana. Kabla mama yake hajafungua kinywa, akavuta kiti kile akaketi.

"Usikae hapo!"

"Kwa nini, Mama?" Mitsuyo alicheka kidogo, kisha akanusa hewa. "Mbona chumba kinanuka tope?"

Kinue akasukuma bakuli la uji kando.

Kesho yake Mitsuyo aliangusha kijiti cha kulia chakula alichokishika kwa mkono wa kushoto, akasema ni baridi, na siku iliyofuata akawa anajikanda nyuma ya sikio la kulia huku akizungumza habari za duka, tena akajikanda, tena, mpaka Kinue, akimtazama kutoka kwenye giza lake, akaanza kuomba kimoyomoyo kwamba mkono ule utulie tu mapajani, kwamba iwe ni uchovu, kwamba iwe ni chochote, na katikati ya maneno binti akanyamaza, akageuza uso kuelekea pembe isiyo na mtu, akajibu kwa unyenyekevu wa mtoto mdogo, "Ndiyo, naja sasa hivi."

"Unamjibu nani?"

"Nani? Sijasema kitu, Mama."

Kinue alimwita daktari, akamweleza kila kitu. Hatanaka alisikiliza huku akitabasamu. "Bi Kinue, ubongo uliopasuliwa huvimba. Ukivimba huona watu."

"Na binti yangu naye? Wake umepasuliwa na nani?"

"Mabomba ya hospitali hii ni ya zamani. Yananuka. Pumzika."

Akaondoka kwa hatua za taratibu. Kinue akamsonya. Mikono ya kijana yule ilikuwa ya maana. Masikio alikuwa nayo ya urembo tu.

Siku iliyofuata Mitsuyo aliingia mchana bila kuvua viatu vya theluji, bila chakula, bila salamu. Akaketi. Kinywa chake kikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kilevi, yenye kububujika maji.

"Kichwa hiki ni laini. Hakina ubishi kama chako."

"Mwache," Kinue alisema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

"Nimwache niende wapi? Waite hao watoto wako wenye visu, wamfungue na yeye. Wamchome na yeye. Tuone kama atainuka mezani."

Machozi yalikuwa yakimtiririka Mitsuyo huku kinywa chake kikicheka, na kichwa chake kilikuwa kinainama polepole upande wa kulia, kama mzigo umeelemea humo ndani, kinainama na kuendelea kuinama hata shingo ikapita pale ambapo shingo ya mtu aliye hai hukoma, na harufu ya tope ikajaa chumba mpaka Kinue akaihisi kwenye meno, na akili yake, iliyoshonwa juzijuzi tu, ikawa inatapatapa huku na huku ikitafuta pa kushika.

Ikapata. Kinue akacheka.

"Tokujiro. Waliponidunga ile dawa ya kijani, wewe ulikuwa wapi?"

Kichwa cha Mitsuyo kikakoma kuinama.

"Si ulikuwa kichwani mwangu? Umejilaza kwenye uvimbe, unakunywa kila kinachokuja, kama kawaida yako. Daktari alieleza yote. Ulikuwa unapiga miayo."

Akajiinua kitandani. Mguu wa kushoto ulikuwa mzito. Akashika mti wa dripu, akauburuta hadi dirishani.

"Wewe nawe utaungua!" sauti ilipiga yowe.

"Najua. Mimi nilisikiliza."

Akashika mapazia yote mawili, akayang'oa na utepe wake.

Jua lililopiga theluji liliingia kama maji ya bwawa lililopasuka. Kwanza Kinue alihisi joto usoni, kisha ikawa kama amemwagiwa mafuta ya kukaangia. Nyuma ya sikio la Mitsuyo kilichuruzika kitu cheusi chenye ukijani, kikadondoka sakafuni, kikatambaa kwenda chini ya kitanda. Huko nako kulikuwa kweupe kwa mwanga wa theluji.

"Nifunike," kilisema. "Kinue, nifunike na shuka."

Miaka yote ya ndoa Tokujiro hakuwahi kumwita kwa jina. Shuka ilikuwa karibu na mkono wake. Kinue alikitazama kikijikunja na kukauka, kama anavyotazama maharage ya soya yaliyooza kwenye pipa, mpaka pakabaki sakafu tupu.

Wauguzi walimkuta Kinue, uso umejaa malengelenge, amemkumbatia binti yake, ambaye shingo yake ilikuwa imenyooka tena.

"Ulitaka kujiua?" Hatanaka alifoka, upole wote umemtoka.

"Nilikuwa nafanya usafi."

Alikaa wodini muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimwambia bila kuficha kwamba picha zilikuwa safi, lakini uvimbe wa aina ile una tabia ya kurudi. Kinue akaitikia kwa kichwa. Ukirudi, aliwaza, utakuwa ugonjwa tu, na ugonjwa hauna mdomo.

Mitsuyo aliendesha gari, wakavuka mto. Hakukumbuka mengi, baridi tu, na mtu kumkalia ndani.

"Mama. Alikuwa Baba, sivyo? Mwishoni alisema nini?"

Kinue alitazama milima. Ngozi ya mashavu yake ilikuwa inabambuka.

"Alisema uvae kofia. Kuna baridi."

Mitsuyo akalia, kilio cha mtu aliyesubiri neno hilo tangu utotoni. Kinue akamwacha alie. Na kwa mara ya kwanza dharau yake ikamgeukia mwenyewe, kwa kumpamba mtu yule na wema ambao hakuwahi kuwa nao.