Mawe ya Upande Mmoja

"Mimi sisogei tena," Fundi alisema, akailaza baiskeli yake kwenye nyasi.

Mchumba wake hakusikia. Alikuwa mbele kama kawaida, anaendesha huku anaongea, na ukungu unayameza maneno yake. Alikuwa anapanga harusi: ukumbi, wageni, nani akae na nani. Alifika mbali ndipo akagundua kwamba anapanga na nafsi yake. Waliompachika jina la Kimbelembele hawakumwonea.

Akarudi anasukuma baiskeli, magurudumu yamejaa tope, akauliza kama mnyororo umekatika.

Mnyororo ulikuwa mzima. Fundi alikuwa na karakana yake ya baiskeli mjini kabla hata hawajajuana, na hakuwa mtu wa kupanda mlima na mnyororo mbovu. Kilichokatika kilikuwa kingine. Asubuhi, kabla hawajauacha mtandao bondeni, mama yake alimtumia ujumbe:

"Mwanangu nimefurahi. Mkwe kaniambia mkioana unafunga karakana mnahamia huko mlimani kupokea wageni wa baiskeli. Mbona wewe hukuniambia?"

Angemwambiaje, na yeye ndiyo kwanza anasikia? Alishinda na ujumbe ule moyoni, akimfuata nyuma, akingoja aseme mwenyewe.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kufungua njia mpya ya baiskeli kuvuka uwanda wa juu, mahali pasipo nyumba wala mti, nyasi na kinamasi tu na mawe yaliyosimama mbalimbali. Kimbelembele alitangulia na kopo la rangi nyeupe, anapiga alama kila jiwe alilolifikia. Njia ilikuwa nzuri, hilo hata Fundi hakulikataa. Walifika mwisho, wakala mkate, wakageuza. Ndipo ukungu ukashuka, na mawe yote yakawa na sura moja.

"Sasa alama ziko wapi?" Fundi aliuliza.

"Nimepaka kila jiwe. Si uliniona?"

"Umepaka upande gani?"

Kimbelembele akaligeukia jiwe lililokuwa karibu. Alipaka upande ule aliokuwa anaujia. Kwa mtu anayerudi, uwanda mzima haukuwa na tone la rangi.

"Hukufikiria kwamba kuna kurudi," Fundi alisema. "Kama ambavyo hukufikiria kuniuliza kuhusu karakana yangu."

Akampa simu asome. Uso ukamshuka. Akaanza kujitetea: alitaka kumfanyia jambo la kumfurahisha, mama mwenyewe alichekelea, karakana yenyewe ina giza na kazi ya spana inamchosha mtu. Fundi alimwacha mpaka akaishiwa.

"Unanipenda?"

"Sana. Na unajua."

"Najua. Lakini siwezi kuolewa na mgongo wako."

Kimbelembele akakaa chini kwenye unyevu.

Fundi ndiye aliyepanga namna ya kutoka. Jiwe walilokuwa karibu nalo alilizunguka, akaikuta alama. Kimbelembele abaki hapo, apige kengele ya baiskeli bila kuacha. Yeye atatafuta jiwe la pili, alizunguke, na akikuta rangi apige kengele yake ili mwenzake amfuate. Akisikia kengele ya nyuma inafifia, arudi. Kimbelembele akasema aende yeye, kinamasi ni kirefu.

"Wewe kaa," Fundi alimwambia.

Akakaa, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa adhabu. Jiwe baada ya jiwe alibaki ametega sikio, dole gumba linauma kwa kengele, akimwaza mwanamke aliyekuwa huko asikoweza kumwona. Kwenye jiwe moja jibu lilichelewa mno. Aliinuka, akakumbuka kwamba akihama wote wawili wamepotea, akakaa tena. Machozi yalikuwa yanamlenga pale kengele ilipolia.

Alimkuta Fundi ana tope hadi magotini.

"Umechoka?" aliuliza.

Hakuwahi kuuliza hivyo njia nzima. Fundi akasema ndiyo, amechoka. Kimbelembele akafungua kopo la rangi, akapaka upande wa pili wa jiwe lile, na kila jiwe lililofuata.

Mtandao uliporudi bondeni, Kimbelembele mwenyewe aliomba simu ya Fundi, akampigia mama mkwe, akaweka sauti kubwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, lile la karakana nilikwambia bila kumuuliza mwenzangu. Kosa ni langu. Na akisema harusi haipo, usimlaumu."



"Mwenyewe yuko wapi? Mpe simu."

Fundi akaipokea. Alimtazama yule mwanamume, rangi kwenye nyusi, anangoja kama aliyeitwa ofisini. Hasira zilikuwepo bado. Lakini alimpenda, na alijua kwamba ndiyo maana ilimuuma vile.

"Harusi ipo, Mama, na karakana haifungwi. Tutaishi mjini, huku mlimani atakuwa anapanda mwisho wa..."

Akanyamaza.

"Haloo? Mbona kimya?"

"Subiri kidogo, Mama," Fundi alisema. "Hata mimi sijamuuliza."

Akaifunika simu kwa kiganja, akamgeukia.